Dhiraa ya Fundi Swalihu

Mtaani kwetu hapa Mpwapwa huwezi kumchanganya mgeni na mwenyeji. Mwenyeji akifika mlangoni huinamisha kichwa, hata mlango uwe wa kupita ngamia. Huinama akiingia zahanati, huinama akiingia ofisi ya kata, na wale wanaofika Dodoma mjini huonekana wakiinama kwenye milango ya vioo inayojifungua yenyewe, watu wakidhani wamedondosha kitu. Mgeni yeye hutambulika kwa nundu kwenye paji la uso. Nundu hiyo huipata siku ya kwanza, na kufikia siku ya tatu naye amekuwa mwenyeji.

Aliyetufikisha hapa ni seremala anayeitwa Swalihu Hanifu. Mimi ni Mwanahawa, fundi cherehani, na kibanda changu kimepakana na karakana yake mwaka wa thelathini na moja sasa. Kinachotutenganisha ni ukuta wa mabati. Kwa hiyo kila alilolisema nimelisikia, na mengi kati ya hayo nisingelipa nauli kwenda kuyasikia.

Swalihu ni mtu mfupi. Silisemi kwa ubaya, kila mtu na alivyoumbwa. Mimi nikiwa nimekaa kwenye cherehani na yeye amesimama, tunatazamana bila mmoja kuinua shingo. Mikono yake nayo ni mifupi, minene, yenye nguvu za kumshinda kijana. Na mikono hiyo ndiyo futi yake, hana nyingine. Tangu aanze kazi hajawahi kupima ubao kwa futi ya chuma wala ya mbao. Hupima kwa dhiraa, yaani kutoka kiwiko chake hadi ncha ya kidole cha kati. Penye udogo hupima kwa shibiri, kiganja kilichotanuliwa, na penye udogo zaidi kwa upana wa vidole. Kitanda ni dhiraa nne. Mlango ni dhiraa nne na shibiri. Meza ni dhiraa moja na shibiri, na ukikaa kwenye meza hiyo magoti yako yatakuwa na la kusema.

Namba hizo alizirithi kutoka kwa babu yake, mzee Hanifu mkubwa, aliyeingia Mpwapwa na misafara ya zamani akiwa na tezo begani, akaona maji yapo, akabaki. Swalihu hukusimulia habari hizo utake usitake. "Dhiraa hii," hukwambia akikuonyesha kiwiko, "imetoka mbali."

Kasoro ya urithi huo ni moja tu. Mzee Hanifu mkubwa, kwa maelezo ya kila aliyemwona, alikuwa mtu mrefu. Mlango aliouchonga bado uko kwenye nyumba kongwe karibu na msikiti, na watu huupita wamenyooka hata wakiwa na mzigo kichwani. Swalihu akiuona hutikisa kichwa, husema babu alikuwa na ubadhirifu wa mbao. Namba kweli alizirithi. Mkono hakuurithi, ule ulitoka upande wa mama yake.

Nisimdhulumu. Kazi yake ni kazi. Msumari hautumii. Kila kiungo ni ulimi na tundu, vimeingiana mpaka karatasi haipenyi, na kabari ya mti mgumu imegongwa pembeni. Kitanda chake hakilii. Watu wamezaliwa juu yake na watu wamefia juu yake, nacho hakijalegea hata tendegu moja. Ndiyo maana tulinunua, na tuliendelea kununua huku tunajua.

Tena ana sharti. Kitanda hakitoki karakanani mpaka yeye mwenyewe amelala juu yake. Hutandika mkeka, huvua kandambili, hupanda, hunyoosha miguu, hufumba macho. Mteja husimama pembeni kama jamaa wa mgonjwa. Baada ya muda Swalihu hufumbua macho na kusema, "Kinatosha." Kinamtosha nani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Kazi huanza ukifika nacho nyumbani. Godoro la dukani halimjui Swalihu, kwa hiyo hulala nusu juu ya kitanda na nusu hewani. Unachukua kisu, unalikata. Kile kipande cha mwisho hakitupwi, kinakuwa mto. Ingia nyumba yoyote ya mtaa wetu utakuta mito sebuleni, mito barazani, mito ya watoto kukalia wakila. Foronya za mito hiyo nimezishona mimi, sikatai. Swalihu akialikwa mahali akaiona, husema watu wa Mpwapwa wanapenda raha. Na akituona tunainama milangoni kwake husema mlango mzuri humfundisha mtu adabu.

Sasa, kila akikutana na mteja wake, hata baada ya miaka mitano, lazima aulize.

"Kitanda kiko sawa?"

"Kiko sawa kabisa, fundi."

"Hakina tatizo?"

"Tatizo litoke wapi?"

Akishapita tunacheka. Tumecheka sana mtaani kwetu. Mimi nilikuwa hodari wa kumwigiza anavyolala amefumba macho, na kwenye shughuli za wanawake niliombwa niigize, nami sikuwa na ajizi. Kuna harusi nilialikwa kwa ajili hiyo tu, wala bibi harusi simjui.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Khairat, kitinda mimba wake, alipopata mchumba.

Khairat ni katibu muhtasi katika ofisi moja kule Mtumba, mji wa serikali, na amepanga Ihumwa. Mchumba anaitwa Jaha, kwao ni Kolo, kazi yake ni kupima ardhi. Mtu mpole, mwenye sauti ndogo, na urefu wa kuudhi. Siku alipokuja kujitambulisha alipita mlango wa uani akapata nundu yake, kwa hiyo alipofika mlango wa sebuleni aliinama mpaka kanzu ikafagia kizingiti. Swalihu alifurahi kupita kiasi. Kesho yake alinisemesha kupitia mabati.

"Dada Mwanahawa, ulimwona mkwe alivyoinama?"

"Nilimwona."

"Yule amelelewa."

Katika ukoo wa akina Hanifu binti haolewi akatoka na kitanda cha dukani. Baba yake humchongea. Dada zake wawili Khairat walitoka na vya dhiraa nne, lakini wale waliolewa na watu wafupi, Mungu akawarahisishia. Safari hii Swalihu alinunua mbao za mninga mapema, akaziegemeza ukutani zikauke vizuri, akatangaza msikitini kwamba anachonga kitanda ambacho hajapata kukichonga. Watu wakaitikia mashallah, wakaja kwangu kucheka.

Khairat hakucheka. Alikuja kibandani Jumamosi moja, akanisalimia, akakaa juu ya kigoda, akaanza kuvuta uzi kwenye vipande vya nguo.

"Shikamoo ma'mkubwa, baba ameanza?"

"Marahaba. Ameanza. Amekwisha piga randa mifumbati yote miwili," nikamwambia, maana ile mifumbati, mbao ndefu za ubavuni, ndiyo inayoamua urefu.

"Ya dhiraa nne?"

"Kwani anajua nyingine?"

Akaudondosha uzi. Kisha akasema, "Nikikikataa, baba atajiona amekwisha. Nikikichukua, Jaha atalala amekunja magoti mpaka tuzeeke, na shangazi zake watakuja kukitazama wacheke. Wameshasema kama vipi watanunua cha dukani. Baba akilisikia hilo, harusini hatakanyaga. Namjua."

"Basi mwambie ukweli."

"Nimwambie nini, ma'mkubwa? Kwamba mume wangu hatoshi kitandani? Mtoto wa kike anamwambia baba yake maneno hayo?"

Kweli hayasemeki. Na Jaha ndiyo kabisa. Kwao na kwetu, mkwe na baba mkwe hawazungumzi habari za kitanda. Hata jina lenyewe hulizunguka, wakisema "ile samani". Alichoweza kufanya yule kijana ni kuandika vipimo kwenye karatasi, kwa milimita, na mchoro wenye mishale, akampa Khairat, Khairat akanipa mimi. Nikaipeleka. Swalihu akaishika kwa mbali, macho yakiwa madogo.

"Hii namba ya simu ya nani?"

"Vipimo vya samani. Vimetoka kwa mkwe wako."

"Yeye anapima viwanja," akasema. "Hiki si kiwanja." Akaikunja ile karatasi, akaichotea gundi.

Nilimwahidi Khairat kwamba nitamwambia mimi. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilimkuta anatoboa kwa keekee matundu ya chaga, zile mbao za kubeba godoro, nikasema mbao nzuri. Mara ya pili alikuwa anachora maua kwenye ubao wa kichwani, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo, nikasema maua mazuri. Mara ya tatu aliniwahi yeye. Aliniuliza, "Unaonaje, kiko sawa?" Na mimi, mwenye mdomo ambao wanaume wa Mpwapwa huuzunguka kwa kupita njia nyingine, nikajibu, "Kiko sawa kabisa, kaka Swalihu."

Wiki mbili kabla ya harusi alinigongea mabati.

"Dada Mwanahawa, nimepata mtihani."

"Mtihani gani?"

"Kitanda kimekwisha. Sasa nani atakilalia?"

Nikaacha cherehani. Nikaenda. Kilikuwa kimesimama katikati ya karakana, kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, nakshi mpaka kwenye matendegu, na kifupi kama ndugu zake. Swalihu amekizunguka hajui aingilie wapi. Akanieleza taratibu, kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa. Kitanda ni cha ndoa ya mwanawe, na baba halali kwenye kitanda cha ndoa ya mwanawe, ni fedheha. Mkwe naye hawezi kuja kunyoosha miguu mbele ya baba mkwe, hiyo ni fedheha zaidi. Na bila kulaliwa hakitoki. Miaka arobaini hakijatoka kitanda ambacho hakikulaliwa.

"Nilifikiri labda wewe," akasema.

"Mimi mjane, kaka Swalihu, nilale kwenye kitanda cha harusi, karakanani, mlango wazi, saa nne ya asubuhi?"

"Basi, nimekosea."

Hapo ndipo shetani wangu, au labda malaika wangu, aliponigusa bega. Nikamwambia amwite Mwalimu Brighton. Mwalimu Brighton ni mtu wa Bukoba, anafundisha habari za mifugo, anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Ana kimo cha Jaha kabisa, si mkwe wa mtu hapa, na si wa dini yetu, kwa hiyo hakuna adabu itakayovunjika. Swalihu akaona ni wazo jema. Mimi nilijua ninachofanya. Kile nilichoshindwa kukisema kwa mdomo nilitaka kisemwe na miguu ya mwalimu.

Brighton alikuja akitoka darasani, bado ana chaki kwenye mfuko wa shati. Akaelezwa. Akavua viatu, akapanda kwa uangalifu, akalala chali. Miguu ikatoka nje mpaka katikati ya muundi, ikabaki inaning'inia na soksi zake za kijivu.

Swalihu akaitazama kwa muda mrefu.

"Panda juu kidogo, mwalimu."

"Nimefika, fundi." Akagonga ubao wa kichwani kwa utosi ili tusikie.

Swalihu akazunguka mpaka miguuni. Akaugusa unyayo mmoja kwa kidole, kama mtu anayejaribu joto la pasi.

"Hii miguu," akasema.

"Ni yangu, fundi."

"Na kitanda chako cha nyumbani? Kile nilichokutengenezea?"

Brighton akanitazama mimi. Mimi nikatazama randa. "Kiko sawa kabisa, fundi," akasema mwalimu, amelala hivyohivyo na miguu hewani.

Sikucheka. Naapa nilitaka kucheka, na kicheko kilikuwa njiani, lakini nilimwona Swalihu usoni kikarudi kilikotoka.

"Mwalimu. Nyumbani unalalaje?"

"Mshazari."

"Na mkeo, mama Joel?"

"Kwenye pembe inayobaki."

"Tangu nilipokitengeneza? Miaka kumi na mmoja?"

"Kumi na miwili ikifika mwezi wa saba."

Swalihu akakaa juu ya gogo la kuchongea. "Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni mzee wangu," Brighton akasema, akijiinua. "Na nilikuta watu wote wanakwambia kiko sawa. Mimi mgeni, ningeanzaje?" Akavaa viatu, akafunga kamba vibaya, akaondoka, akainama mlangoni. Swalihu akamtazama anavyoinama. Nadhani ndiyo siku ya kwanza aliliona.

Tukabaki wawili.

"Wewe ulijua."

"Kila mtu anajua, kaka Swalihu."

"Ile mito."

"Ndiyo."

Alifunga karakana. Kesho yake, tangu asubuhi, alipita nyumba kwa nyumba. Hakugomba na mtu. Alibisha hodi, alisalimia, akaomba maji, akachukua mto wa karibu akaupima kwa shibiri na vidole, akaurudisha mahali pake, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Kufikia alasiri alikuwa amepima mito kumi na tisa. Kila mwenye nyumba alitaka kumwambia kwamba huo ni mto tu, na kila mmoja alishindwa, maana ni nani hununua mto wa unene wa godoro, mrefu kama upana wa kitanda? Baadaye alisimama barabarani, mikono nyuma, akitutazama tunavyoingia majumbani mwetu. Mimi nilijitahidi kuingia kwangu nimenyooka. Nina nundu yake mpaka leo.

Niliona aibu, na niseme wazi ilivyokuwa. Miaka yote tulijisifu kwamba tunamheshimu. Hatukumheshimu hata kidogo. Tulikuwa waoga, na tulikuwa tunapenda kucheka, na ukweli ungetuharibia starehe. Mtu alituuliza kwa kinywa chake, mara mia, kama kazi yake iko sawa. Sisi tulimjibu kwa adabu na kumwacha aendelee kukata mbao nzuri za Mungu zikiwa fupi. Ningemwambia mwaka ule wa kwanza, angekasirika siku tatu, mtaa mzima ungelala umenyooka.

Siku ya tatu alifungua karakana akakibomoa kitanda cha Khairat. Akanigongea.

"Niazime futi yako."

Nikampa futi yangu ya kushonea, ile ya kitambaa. Akaiviringisha mkononi akiidharau kwa macho. Akaniomba nimpigie Khairat anitajie zile namba za karatasi, nami nikampigia, Khairat akazitaja akilia, asijue kama ni furaha au ni nini. Swalihu aliziandika ukutani kwa penseli. Akakata mifumbati mipya, mirefu, akichungulia futi kila baada ya pumzi mbili kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Dhiraa hakuigusa. Nilimwona mara moja anauweka mkono juu ya ubao kwa mazoea, akauondoa haraka, akaufuta kwenye suruali.

Siku nane baadaye kikawa tayari. Brighton akaitwa tena, na safari hii mtaa wote ulijaa mlangoni, maana habari zilikuwa zimezagaa. Mwalimu akapanda, akalala chali. Kichwa ndani, miguu ndani, na shibiri nzima ikabaki chini ya visigino. Kitanda kile ni kirefu, kinyoofu, cha haki. Sijaona kitanda kizuri kama kile, na nitakaposimama mbele ya Mola wangu nitasema hivyohivyo.

"Kiko sawa, fundi," tukasema. Hatukupanga, tulisema pamoja.

Swalihu akatutazama mmoja mmoja, taratibu, mpaka akanifikia mimi.

"Ndivyo mlivyosema siku zote," akasema.

Akarudi kwa Brighton. "Umekunja goti."

"Sijakunja, fundi."

Akalikandamiza goti kwa mikono miwili. Halikushuka, lilikuwa limeshanyooka. Akamwambia ashuke apande tena. Akamwambia alale kifudifudi. Akapima miguuni kwa futi, akapima kwa vidole, akapima tena. Akasema mgongo wa mwalimu umejikunja kwa ndani. Brighton akasema mgongo wake uko vile tangu kuzaliwa. Mwishowe Swalihu akainua futi yangu juu kwenye mwanga, akaivuta kwa nguvu.

"Hii ni ya nguo," akasema. "Miaka yote unaivuta kwenye makalio ya watu. Imerefuka."

"Haijarefuka, kaka Swalihu."

"Ungeniambia kama imerefuka?"

Nikaipokea futi yangu, maana kila jibu nililokuwa nalo nilikwisha kulitumia.

Harusi ilifanyika, nzuri, ya pilau na kaswida. Shangazi zake Jaha walikuja na maneno yao tayari mdomoni wakarudi nayo Kolo, maana kwenye kitanda kile hawakupata pa kuyaweka. Kilifunguliwa vipande, kikafungwa kamba kwenye kirikuu, kikaenda Ihumwa. Swalihu alitembea nyuma ya gari mpaka njia panda, bado anaigusagusa mifumbati.

Na hapo mambo yakamfungia kabisa. Baba mkwe haingii chumbani kwa mkwe wake. Alikwenda kuwatembelea baada ya mwezi, akakaa sebuleni tangu asubuhi mpaka alasiri, akanywa chai, akala wali, akitazama pazia la mlango wa chumba, akarudi na basi lilelile. Vitanda vyake vyote vilivyo vifupi angeweza kuomba kuviona, na wenyewe wangemwonyesha kwa aibu. Kimoja alichokitengeneza sawasawa hatakiona kimelaliwa mpaka anaingia kaburini.

Sasa kila Ijumaa, baada ya swala, hupiga simu. Huweka sauti kubwa kwa kuwa masikio yameanza kuwa mazito, nami husikia yote kupitia mabati.

"Mwanangu, hamjambo?"

"Hatujambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mwenzio hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia."

Hapo mimi huacha kukanyaga cherehani.

"Na ile samani?"

"Iko sawa kabisa, baba."

"Haina tatizo?"

"Haina, baba. Wallahi. Iko sawa."

Juzi nilishindwa kuvumilia, nikapaza sauti nikiwa kwenye kiti changu. Nikasema, kaka Swalihu, mtoto anakwambia kweli, kitanda kile kinamtosha mtu na kinabakiza. Alikata simu, akasogea karibu na mabati, nikaona kivuli chake kwenye tundu la msumari. Hakuwa na hasira. Nilitamani angekuwa nayo.

"Nimesikia, dada Mwanahawa," akasema. "Khairat hapendi kuniudhi. Nilimlea vizuri."